Ng'ombe kaanguka? Mganga mwache kwanza

Msomaji wangu, leo tuongee ng'ombe. Najua wengine mmefungua ukurasa huu mkitafuta mambo ya ndoa na mapishi, lakini hapa Dar, kuanzia Kimara mpaka Tegeta, akina mama wanaosomesha watoto kwa ng'ombe wawili watatu wa uani si wachache. Hao ndio ninaowataka leo. Wengine kaeni msikilize, chai ya maziwa si mnakunywa?

Kisa ninachokisikia ni kilekile kila mara. Ng'ombe kazaa salama, tena ndama jike, nyumba nzima inashangilia. Kesho yake alfajiri mama anaingia bandani na ndoo anakuta ng'ombe kalala, shingo kaipinda, kichwa kakiegemeza ubavuni kama aliyesinzia. Masikio ya baridi, pua kavu. Msukume usisukume, hainuki. Majirani wanajaa. Huyu anasema kijicho, yule anamkumbuka mtu aliyepita juzi akasifia kiwele. Wakati kamati ya uchawi inaendelea na kikao, ng'ombe anakata roho, na ada ya shule imekwenda naye.

Jamani, hapo hakuna mkono wa mtu. Huyo ng'ombe kaishiwa madini ya kalsiamu kwenye damu. Wataalamu wanauita ugonjwa huu homa ya maziwa, jina ambalo mimi naona linadanganya watu, maana homa yenyewe haipo. Mwili unapoa badala ya kuchemka.

Hesabu yake ni hii. Damu yote ya ng'ombe mkubwa, kwa wakati mmoja, inabeba gramu kama 3 tu za kalsiamu. Lita moja ya dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, inaondoka na gramu kama 2. Sasa mkamue lita 10 siku ya kwanza uone deni lilivyo. Pengo lote inabidi lizibwe haraka kutoka kwenye mifupa na chakula. Mtamba anayezaa mara ya kwanza analiweza. Mama mtu mzima wa uzao wa tatu kwenda mbele, mwenye maziwa mengi, ndiye anayezidiwa, na Jersey ndio wanaoongoza kwa kuanguka. Bila kalsiamu misuli inalegea, tumbo linasimama, na mwisho moyo nao unagoma.

Dawa ipo, tena ya kushangaza. Daktari wa mifugo anatundika chupa ya kalsiamu na kuipitisha kwenye mshipa wa shingo, polepole, huku anasikiliza moyo. Mara ng'ombe anaanza kutetemeka, anabeua, ananya, na si ajabu ndani ya saa moja kasimama anatafuta majani. Lakini usijifanye daktari. Ile chupa ukiikimbiza, unamuua palepale. Kazi yako wewe wakati unamsubiri mtaalamu ni kumweka akae kifuani, umkinge kwa magunia ya majani ili asilale ubavu akajaa gesi. Na usimnyweshe kitu kwa chupa! Kumeza kwenyewe hawezi, maji yataingia mapafuni.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Mtu akishasikia kalsiamu, anamjazia ng'ombe mwenye mimba majani ya lusina na jiwe la kulamba miezi yote miwili ya kukaushwa. Kumbe ndiyo anamharibu. Mwili ukiletewa kalsiamu ya bure kila siku, mitambo ya kuichota mifupani inalala usingizi, na siku ya kuzaa haiamki kwa wakati. Mwezi wa mwisho mpunguzie. Akishazaa, hapo ndipo umfungulie mkono, na siku ya kwanza usimkamue mpaka tone la mwisho.

Ng'ombe wa uani shida yake nyingine ni pumba. Pumba zina fosforasi ya kutosha lakini kalsiamu ni haba, na sisi ndizo tunazomshindilia asubuhi na jioni. Mwenzake wa machungani ana matatizo ya upande wa pili. Kiangazi nyasi zikikauka, fosforasi inapungua, na ndipo unamwona ng'ombe mzima anatafuna mifupa. Watu wanacheka. Huko Afrika Kusini daktari Arnold Theiler hakucheka. Miaka ya 1920 yeye na wenzake walionyesha kwamba ng'ombe wenye njaa ya fosforasi walikuwa wanakula mifupa ya mizoga, na sumu ya mizoga hiyo ndiyo iliyokuwa inawapooza na kuwaua. Walipopewa unga wa mifupa ulio safi, ule uchu ukaisha.

Wanyama wa porini wamelijua hili bila kufundishwa. Nyumbu wa Serengeti huenda kuzalia kwenye nyanda fupi za kusini, upande wa Ndutu, mvua zikishanyesha. Udongo wa kule umetokana na majivu ya volkano, na nyasi zake zina kalsiamu na fosforasi nyingi. Nyumbu mama ananyonyesha huku anajazia alichotoa. Wako umemfunga kamba, atahamia wapi?

Ndiyo maana nasema chumvi ya mezani peke yake haitoshi. Inampa sodiamu, na kama imetiwa aidini inamkinga mama na ndama dhidi ya rovu, lakini kalsiamu na fosforasi humo hamna. Magadi nayo yanampa sodiamu, ila ya kule Kaskazini mengine yana floraidi kupita kiasi, ileile inayowaachia watu meno ya kahawia, na ng'ombe meno yake huharibika vilevile. Nunua madini yaliyochanganywa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, usome karatasi yake, uyaweke pasiponyeshewa.

Na kama banda moja lina ng'ombe na kondoo, watenganishe wakati wa kulamba. Madini ya ng'ombe yana shaba ambayo kwa kondoo ni sumu ya taratibu. Inajikusanya kwenye ini miezi kadhaa, halafu siku moja unamkuta anakojoa mkojo mwekundu, macho ya manjano, na hapo hata daktari huwa amechelewa.