Tashihisi: Mbwa Aliyebweka na Theluji Iliyobisha Hodi

Mjukuu wangu aliyeko Buffalo, Marekani, yuko darasa la saba, shule ya kati kama ile tuliyosoma sisi misheni. Majuzi alinipigia simu kwa ajili ya kazi ya nyumbani: apige mstari kila mahali mwandishi alipokipa kitu tabia ya mtu. Alikuwa amepigia mstari sentensi ya mbwa anayembwekea mgeni. Akakosa.

Kosa lake nililielewa. Kwa Kiswahili tunasema "mbwa amekuja" kama tusemavyo "mtu amekuja". Lakini kubweka ni kazi ya mbwa mwenyewe, hakuazimwa kitu. Angemshauri mgeni arudi kwao, hapo ingekuwa tashihisi. Neno hili ni la Kiarabu, tashkhis, shina moja na shakhs, yaani mtu. Wasomaji wa Maskati hulisikia zaidi hospitalini, daktari anapotambua ugonjwa.

Kwa vitu visivyo na uhai, ngano zetu hutoa ishara: "Jua na Upepo walibishana." Jua limeacha "li" yake na kuingia kundi la watu.

Watoto wa Louisville, Columbus na Buffalo wanaozungumza Kiswahili, wengi wa familia zilizotoka Kongo na Somalia, husoma kwa Kiingereza. Nyumbani husikia tashihisi kutwa: usingizi umemchukua, homa imemshika. Tumezizoea hata hatuzioni. Mzazi aanzie hapo, amuulize mtoto: "Kwani usingizi una mikono?" Atacheka, na atakuwa ameshaelewa nusu ya somo.

Nusu ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo walimu huitaka: kwa nini mwandishi amefanya hivyo? Buffalo iko kando ya Ziwa Erie. Upepo wa baridi kali ukipita juu ya maji yasiyoganda hubeba unyevu na kuumwaga mjini kama theluji. Ukiandika "theluji ilianguka", umetoa habari. Ukiandika "ilibisha hodi", tunamwona mgeni mwenye adabu. "Ilivunja mlango ikaingia" ni jambazi, na hofu imetushika kabla hatujaambiwa tuogope. Mtoto wa Louisville ajaribu vivyo hivyo na Mto Ohio, uliofurika vibaya mwaka 1937. Wa Columbus ana Mto Scioto.

Mjukuu wangu alitunga yake palepale kwenye simu: "Theluji imenikataza kwenda shule." Nikamuuliza mstari uende chini ya neno gani. Akasema, "Imenikataza, Babu. Mama ndiye hukataza."