Tansiyo Inaanzia Kwenye Sufuria

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya shinikizo la damu vya Waafrika wapatao 1,000 wa Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya. Ugonjwa wa tansiyo ulikuwa karibu haujulikani kwao, na kwa wazee shinikizo lilishuka badala ya kupanda. Mwaka 1990 watafiti wengine, wakiongozwa na Neil Poulter, walitoa habari tofauti kutoka upande huohuo wa nchi. Waliwafuatilia wakulima Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Haikuchukua miaka: katika miezi ya mwanzo tu shinikizo la wahamiaji lilikuwa juu ya lile la wenzao. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi. Uzito nao ulikuwa umeongezeka, na mapigo ya moyo yalikwenda mbio.

Watu ni wale wale, damu ya ukoo ni ile ile. Kilichobadilika ni sufuria na miguu. Ndiyo maana nawasimulia wasomaji wa Kindu habari za Wajaluo: anayetoka Pangi, Kibombo au Punia kuja kutafuta maisha hapa mjini anapita njia hiyohiyo.

Tuanze na sufuria, maana ndiko kwenye mambo mengi. Sombe ni chakula kizuri, na nasema hivi kwa sababu wagonjwa wengi huja wakidhani daktari atawakataza. Majani ya muhogo yana protini na nyuzinyuzi ambazo bugali la muhogo halina, maana unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu. Mama ameyatwanga kwenye kinu, ameyachemsha bila kifuniko hadi ile sumu ya muhogo itoke, ameweka kitunguu na mawese. Mpaka hapo hakuna neno. Halafu inaingia chumvi ya kijiko. Kisha kipande cha makayabu, samaki ambaye chumvi ndiyo iliyomhifadhi safari yote. Mwishoni vinavunjwa vile vidonge vya mchuzi tunavyoviita magi hata vikiwa vya kampuni nyingine: viwili, vitatu, na siku ya wageni hakuna anayehesabu. Karibu nusu ya uzito wa kidonge ni chumvi, wakati mwingine zaidi. Kidonge cha gramu 4 kina kama gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, akihesabu kila alichokula. Kwa hiyo sombe moja imetiwa chumvi mara tatu, na mpishi ataapa kwamba ametia mara moja.

Mawese ndiyo hulaumiwa kwanza, na mimi nadhani lawama imezidi. Kweli, karibu nusu ya mafuta yake ni yale mazito yanayopandisha kolesteroli, na kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 120, basi yasielee juu ya sombe kidole kizima. Lakini mawese mekundu yana vitamini A kwa wingi. Ukiyaunguza jikoni mpaka yawe meupe, umeteketeza vitamini ukabaki na mafuta. Sukre, yaani soda, ndiyo ningeanza kuiondoa: chupa ya sentilita 33 huwa na sukari kama gramu 35, vijiko vidogo vinane au tisa, na tumbo halioni kwamba limekula.

Kuhusu sahani yenyewe, desturi yetu ni mlima wa bugali au wali na kijito cha mboga pembeni. Geuza kiasi hicho taratibu: ngumi moja ya bugali ipungue, sombe, lengalenga, matembele au maharage yaongezeke. Mboga hizo na ndizi ndizo zenye potasiamu, ile iliyopungua kwa Wajaluo wa Nairobi, ambayo husaidia figo kutoa chumvi. Samaki mbichi wa mto Lualaba akipatikana amshinde makayabu. Asipopatikana, makayabu alowekwe usiku kucha na maji yabadilishwe.

Sasa miguu. Mama anayelima, akatwanga, kisha akabeba mzigo kichwani hadi sokoni hahitaji kuambiwa afanye mazoezi, wala kijana anayesukuma baisikeli yenye madumu ya mawese kutoka njia ya Kasongo. Kuwahubiria hao ni kuwadharau. Nazungumza na karani, mwalimu, mfanyabiashara anayekaa dukani kutwa, na dereva wa moto (pikipiki) mwenyewe, ambaye anakwenda kila mahali bila kutembea popote. Kiwango ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuhema kidogo, yaani nusu saa siku tano. Anayekaa Mikelenge na kufanya kazi Kasuku anaweza kushuka kwenye moto kabla ya kufika, akamalizia kwa miguu asubuhi jua halijawa kali. Najua watasema amefilisika. Waseme.

Faida yake imepimwa. Huko Marekani, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wakikaribia ugonjwa wa sukari walifuatiliwa kwa takriban miaka mitatu, matokeo yakatoka mwaka 2002. Waliopunguza uzito kidogo na kutembea dakika hizo 150 walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58, na waliopewa dawa ya metiformini kwa asilimia 31.

Si kila mtu apunguze uzito. Mkoa wetu wa Maniema una wengi wanaolala njaa. Kujua kama unahusika, chukua kamba, pima urefu wako, ikunje katikati iwe nusu, izungushe kiunoni. Isipofikisha, tumbo limezidi. Anayekunywa dawa za tansiyo asiziache kwa kuwa ameanza kutembea, na mwenye sukari anayetumia vidonge au insulini azungumze na muuguzi kabla ya kupunguza bugali, asije akaanguka kwa sukari kushuka.

Huyo muuguzi naye tumzoeze. Mradi wa afya wa Kasongo wa miaka ya 1970, ambao mafunzo yake yalisaidia kuunda zoni za afya za Kongo, ulikuta watoto wakifa kwa surua. Vituo vyetu bado vinamwangalia mama na mtoto kwanza, na ni haki. Mtu mzima asiyeumwa popote haji. Aje, akae kimya dakika tano, apimwe tansiyo mara mbili. Ikifika 140 kwa 90, arudi siku nyingine kuhakikisha.

Na nyumba yenye watu kumi na mzee mmoja mgonjwa haiwezi kuwasha majiko mawili. Mama apike sombe bila magi wala makayabu, atoe sahani ya mzee, kisha ndipo avunje vidonge vyake kwa wanaobaki. Baada ya wiki chache mzee ataona ile ya wenzake ina chumvi mno.