Pumba, Makapi na Majivu ya Meru: Vibadala vya Saruji

Saruji ya kawaida hutokana na mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi vinavyochomwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 za Selsiasi. Hutoka madonge yaitwayo klinka, ambayo husagwa pamoja na jasi kidogo. Gharama kubwa imo katika moto huo. Uchafuzi pia: mbali na moshi wa makaa, jiwe la chokaa lenyewe likiungua hutoa kaboni dayoksaidi. Kwa Arusha, chini ya Mlima Meru, huongezeka gharama ya usafirishaji, kwani saruji kama Simba husafirishwa kutoka Tanga.

Sehemu ya klinka inaweza kubadilishwa kwa majivu. Saruji ikikutana na maji huzaa gundi inayoshika mchanga na kokoto, na pembeni hubaki chokaa isiyo na kazi kubwa. Majivu yenye silika nyingi huikamata chokaa hiyo na kuifanya gundi zaidi. Kazi hiyo huenda polepole, hivyo zege huwa dhaifu siku za mwanzo na kuendelea kukaza kwa miezi. Fundi mwenye haraka ya kung'oa mbao hataipenda.

Warumi walijenga hivyo kwa chokaa na majivu ya volkano ya Pozzuoli, karibu na Napoli. Majivu ya jamii hiyo yapo kwenye miteremko ya Mlima Meru, hasa upande wa Oldonyo Sambu. Meru iliyachoma yenyewe. Taka za shambani hudai mchomaji.

Mpunga unaonyesha hilo vizuri. Kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 20 za pumba, nazo zikiungua hubaki kilo 4 hivi za majivu, ambayo silika yake huweza kufika asilimia 90. Lakini moto ukizidi sana nyuzi 700, silika hujipanga kuwa fuwele na kupooza. Ukiwa hafifu, majivu hubaki meusi kwa kaboni na kunywa maji mengi ya zege. Ndiyo maana majivu yanayozolewa tu kwenye tanuri la matofali linalochomwa kwa pumba hayaaminiki: lundo moja lina ya kila aina. Yakichomwa kwa kipimo na kusagwa laini, huchukua nafasi ya saruji kwa asilimia 10 hadi 20.

Makapi ya miwa huchomwa katika kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini karibu na Moshi, kuzalisha mvuke na umeme. Majivu ya namna hiyo hufaa, ila huja na mchanga wa shambani. Maganda ya kahawa, yaliyo mengi ukanda huu, hayafai: majivu yake yamejaa potasiamu, silika ni kidogo. Heri yarudi shambani. Vipande vya matofali ya kuchoma vikisagwa navyo hushikana na chokaa, ikiwa tofali halikuungua kupita kiasi.

Njia nyingine huacha klinka kabisa. Mfaransa Joseph Davidovits aliiita jiopolima miaka ya 1970: majivu au udongo uliochomwa huamshwa kwa soda kali. Magadi ya Ziwa Natron, kaskazini-magharibi mwa Meru, ni soda pia, ila huamsha kwa nguvu ndogo. Soda kali yenyewe huunguza ngozi na ni ghali, hivyo kwa mjenzi wa kawaida mchanganyiko wa chokaa na majivu uko karibu zaidi.

Mchanganyiko huo unatosha kwa lipu, kujengea tofali na bloku za kuta zisizobeba mzigo mkubwa. Nguzo na mihimili huhitaji kwanza vipande vya majaribio vivunjwe maabara baada ya siku 28, na tena baadaye, kwa kila shehena mpya ya majivu.