Awaara imesafishwa, na mama yake Raj ameonekana

Hapa Wete, ukimtajia mtu wa rika langu Awaara, atakuimbia kabla hajakujibu. Filamu hii ya Raj Kapoor ilitoka India mwaka 1951, ikavuka bahari na kupendwa mno visiwani. Mimi niliijua kwa mkanda wa video uliochakaa: nyuso zimefifia, mistari inapita, sauti inakuja na kupotea. Tulishika nyimbo, na mapenzi ya Raj, aliyechezwa na Raj Kapoor mwenyewe, na Rita, aliyechezwa na Nargis. Mengine alitusimulia mama.

Mwaka 2024, ilipotimia miaka 100 tangu Raj Kapoor azaliwe, nakala iliyosafishwa kwa kiwango cha 4K ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto. Kusafisha filamu kunataka subira. Mkanda hupigwa skani picha moja moja, na kila sekunde ina picha 24. Kwa saa tatu, hizo ni zaidi ya 250,000. Kisha vumbi na mikwaruzo huondolewa kwa kompyuta. Picha moja ya 4K ina vitone zaidi ya milioni 8. Ya DVD ina kama laki nne tu.

Nilipoitazama nakala safi na mtoto wa dada yangu, aliyenishika ni Leela, mama yake Raj. Jambazi alimteka, akamwachia alipojua ana mimba. Mumewe, Jaji Raghunath, akamfukuza usiku kwa maneno ya watu kwamba mimba si yake. Katika mkanda wetu, mama huyu alikuwa kivuli tu. Sasa naona anavyomtazama mumewe.

"Mama mdogo, mbona hakumsikiliza mkewe?" kijana akauliza.

Filamu nzima imo humo. Jaji anaamini mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na kwa imani hiyo mwanawe mwenyewe anakulia mtaani na kuwa mwizi. Jaji huyo amechezwa na Prithviraj, baba mzazi wa Raj Kapoor. Raj akiwa mtoto amechezwa na Shashi, ndugu yake Raj Kapoor. Nyuso zikiwa safi, udugu wao unauona kwa macho.

Kwa miaka yote niliihesabu kuwa hadithi ya wapenzi wawili. Kumbe ni ya nyumba iliyovunjwa na dhana mbaya, na Rita, wakili, ndiye anayesimama mahakamani kuidai haki ya Raj.

Itazameni upya na vijana wenu, toka mwanzo, bila kurukia nyimbo. Mkimaliza, waulizeni kosa lilikuwa la nani.