Je, Bomba la Moshi la Lori Livishwe Nguo?

Ninyi mnaokaa kando ya barabara hapa Ilemela, toka Kirumba mpaka Buswelu na Igombe, mmekwisha ona malori yakipita na mizigo ya samaki, pamba na saruji. Fundi akifungua boneti ya mojawapo, huenda mkaona bomba la moshi, yaani ekzosi, limezungushiwa utepe mzito kama mguu wenye kidonda. Je, bomba linaumwa? La, haliumwi. Limevishwa nguo lisipoteze joto. Na kwa kuwa lori mara nyingi ni mali ya ukoo mzima, yafaa tuijue faida ya nguo hiyo, na hatari yake pia.

Kwanza tujue turbo ni kitu gani. Zamani Wasukuma walipata majembe kwa wahunzi Warongo wa Uzinza, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Wahunzi wale walijua kwamba makaa peke yake hayatoshi. Lazima mivukuto ipulize hewa kwa nguvu. Basi, turbo ndiyo mivukuto ya lori. Mswisi Alfred Büchi alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1905. Ndani yake mna magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyoshikana kwa ekseli moja. Moshi wa injini huzungusha la kwanza; la pili huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi huweza kuungua vizuri, na nguvu huongezeka. Magurudumu hayo huweza kuzunguka hata mara 100,000 kwa dakika moja!

Sisi wa huku twaihitaji turbo kuliko watu wa pwani. Ziwa letu liko yapata mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha sehemu 10 katika 100. Lori lisilo na turbo hupumua kwa shida, hasa likiisha pita Igunga na kuanza kuupanda mlima wa Sekenke na mzigo mgongoni.

Sasa tuje kwenye nguo. Karibu theluthi moja ya joto la mafuta yanayoungua hutoka nje pamoja na moshi. Moshi wa moto hutanuka na kwenda mbio. Ukipoa hunywea na kulegea. Kwa hiyo, bomba litokalo injini kwenda kwenye turbo likivishwa nguo, moshi hufika ungali moto, na turbo huamka upesi dereva akanyagapo mafuta. Tena joto halijai chini ya boneti, na nyaya na mipira haikauki upesi.

Lakini angalieni jambo hili. Katika malori mengi turbo imefungwa moja kwa moja kwenye chuma cha kukusanyia moshi, ubavuni mwa injini. Bomba refu mnaloliona ni la baada ya turbo. Ukilivisha hilo, joto la boneti litapungua, lakini nguvu itakayoongezeka ni kidogo sana. Anayewaambia kwamba lori litaruka mlimani kama tai, huyo anauza utepe.

Na hatari zipo. Moshi wa lori lenye mzigo hufika digrii 500, hata 700. Nguo ikilowa dizeli au oili, huweza kuwaka, na lori likateketea njiani. Ndiyo maana sheria ya kimataifa ya usalama wa meli za baharini huagiza kwamba kila kitu cha mtamboni chenye joto zaidi ya digrii 220, kinachoweza kurukiwa na mafuta, kikingwe barabara. Pili, nguo hushika maji ya mvua na ya kuoshea, na kutu hula bomba bila kuonekana. Tatu, chuma cha kusubu kikifungwa joto lote ndani huweza kupasuka. Nne, msikubali kamwe nguo kuukuu ya asibesto: vumbi lake huingia mapafuni na kuleta saratani baada ya miaka mingi.

Basi, kabla ya kununua utepe, mwambieni fundi atazame mambo matatu: chujio la hewa limeziba? Mipira ya hewa ya turbo imepasuka? Gasketi za bomba zinavuja, na masizi meusi yanaonekana kwenye maungio? Mpira mmoja uliopasuka huiba nguvu nyingi kuliko bomba lisilo na nguo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yote yakiwa mazima, na mkiona bado nguo yafaa, nunueni utepe wa nyuzi za kioo au za jiwe la volkano, si gunia wala matambara. Zuieni kwanza kila tone la oili. Utepe ukilowa mafuta, utupwe siku ile ile. Na kizima moto kiwe mahali dereva anapokifikia upesi. Lori likiungua, ada za shule za watoto huungua pamoja nalo. Na dereva naye ana watu wanaomngoja nyumbani.