Ardhi Iliyopumzika: Lugha na Utafiti wa Mazingira katika Uwanda wa Juu wa Ufipa

Ufipa ni uwanda wa juu uliokaa baina ya maziwa mawili ya Bonde la Ufa, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Maziwa yote mawili yako takribani mita 800 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,000 juu zaidi. Atokaye Katandala, mojawapo ya kata za Manispaa ya Sumbawanga, akaelekea mashambani, hukutana na nyasi nyingi na miti michache. Mandhari hayo yamewavuta wanataaluma wa aina nyingi: wataalamu wa kilimo, wanaanthropolojia, wanaakiolojia, wataalamu wa wadudu, wanajiografia, wanazuolojia, na tangu mwaka 2016 wanajiolojia waliotangaza kuwapo kwa gesi ya heliamu katika bonde la Rukwa.

Kila taaluma imekwenda Ufipa na maswali yake, na aghalabu imeondoka na majibu yaliyosomwa na wenyewe tu. Leo vyuo vikuu vinahimiza kwamba uendelevu wa mazingira uchunguzwe na taaluma zote kwa pamoja, na ni agizo jema. Hata hivyo, watu hawawezi kushirikiana katika jambo ambalo kila mmoja analiita kwa jina moja huku akiwa na maana yake. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba katika Ufipa ugumu mkubwa umejificha ndani ya maneno machache ya kawaida, kama vile tuta, pori na dawa, ambayo watafiti huyatumia bila kuyapima. Maneno hayo ni ya Kiswahili, na kwa hiyo wanaisimu wanahusika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kilimo cha intumba. Kuelekea mwisho wa masika, wakati nyasi zimerefuka na udongo ungali na unyevu, mkulima wa Kifipa hulima kwa jembe la mkono na kugeuza udongo pamoja na nyasi zake, nyasi zikawa ndani na udongo ukawa juu, hata likapatikana rundo la mviringo lenye upana wa takribani mita moja. Ndani ya rundo hilo nyasi huoza polepole. Juu yake hupandwa maharage au mazao mengine ya msimu mfupi. Mvua za msimu unaofuata zinapoanza, rundo hubomolewa, udongo uliojaa mboji husambazwa, na shamba hupandwa ulezi au mahindi. Baada ya misimu kadhaa shamba huachwa lirudishe nyasi zake. Moto hauna nafasi katika mpango huu, tofauti na kilimo cha chitemene cha kaskazini mwa Zambia, ambako matawi ya miti hukatwa, hurundikwa na kuchomwa ili majivu yarutubishe ardhi. Wamambwe, majirani wa Wafipa kwa lugha na kwa makazi, wana kilimo kinachofanana sana na intumba, nao hukiita fundikila.

Lunan alikieleza kilimo hicho kwa ufupi mwaka 1950 katika jarida la kilimo la Afrika ya Mashariki. Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alikitazama kama sehemu ya maelezo ya vijiji vikubwa vya kudumu vya Wafipa. Mbegu, mwaka 1996, alikiandika kama kielelezo cha matumizi ya mboji. Maelezo yote matatu yana thamani, lakini mtu akiyasoma kwa pamoja huona kwamba hayazungumzi na mwenzake. La kwanza linashughulikia mbinu, la pili jamii, la tatu rutuba. Neno lenyewe, intumba, limebaki kama pambo la ndani ya maandishi ya Kiingereza.

Katika Kiswahili hali si bora. Neno linalotumiwa mara nyingi ni tuta. Sasa, tuta hufanywa ili lipandwe. Intumba nayo hupandwa, lakini kazi yake kuu hutimia siku inapovunjwa. Tuta ni umbo; intumba ni muda, maana ndani yake mna msimu mmoja wa kuoza na msimu wa pili wa kutawanywa. Mtafiti akiuliza, "Je, unalima kwa matuta?", mkulima anayepanda viazi kwenye matuta marefu atajibu ndiyo, na anayerundika nyasi atajibu ndiyo vilevile. Majibu hayo mawili yataingia katika safu moja ya jedwali, na hakuna hesabu ya takwimu itakayoweza kuyatenganisha baadaye. Aidha, neno hilo halikosi historia. Mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru, ulioshurutisha wakulima kujenga matuta ya ngazi, ulivunjika baada ya ghasia za mwaka 1955. Katika sehemu nyingi za nchi, ofisa anayetaja matuta hutaja pia amri, apende asipende.

Neno la pili, pori, lina madhara makubwa zaidi. Shamba la intumba lililoachwa lipumzike huonekana, kwa jicho la mgeni, kama pori. Nyasi zimesimama, hapana zao, hapana mtu. Kwa mkulima, hata hivyo, nyasi hizo ndizo mbolea ya miaka ijayo, na kuziacha zikue ni kazi kama zilivyo kazi nyingine za shamba. Kwa mfugaji, na hasa Wasukuma waliohamia bonde la Rukwa kwa wingi tangu miaka ya 1970, mahali hapohapo ni malisho. Brockington alichunguza mwaka 2006 siasa za mazingira katika Rukwa, na baadaye yeye na Christine Noe wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walihariri kitabu, kilichotoka mwaka 2021, kuhusu mabadiliko ya maisha na mali katika vijiji vya Tanzania. Kazi kama hizi zinaonyesha kwamba mgogoro wa ardhi hauwezi kuelezwa kwa kuhesabu ng'ombe peke yake. Inafaa kuongeza kwamba watu wanaogombana juu ya pori aghalabu hawagombani juu ya kitu kimoja.

Jambo hili limeingia hata katika sheria. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inapofafanua ardhi ya jumla, huingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo haina maneno hayo. Kinyume chake, kifungu cha 7 kinatambua kuwa ardhi inayotumiwa na wanakijiji yaweza kuwa ile iliyopumzishwa wakati wowote ndani ya miaka 12 iliyotangulia, au iliyotumiwa kwa malisho au mapito. Wanasheria wamekwisha kujadili mgongano huo. Wanaisimu hawajauchukua inavyostahili, ingawa kiini chake ni cha kimaana: je, ardhi inayopumzika inatumika au haitumiki? Zilipotungwa, sheria hizo ziliandikwa kwa Kiingereza. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, mfasiri hana budi kuchagua neno. Akiandika "ardhi iliyoachwa", amekwisha kumwondoa mwenyewe shambani. Akiandika "ardhi iliyopumzishwa", amesema kwamba yupo mtu aliyeipumzisha. Kiambishi kimoja cha usababishi kinabeba haki ya mkulima.

Kuhusu uchache wa miti, watafiti wamevutwa na mabaki ya kazi ya chuma. Greig (1937) na Wise (1958) walieleza matanuri marefu ya Ufipa, yaitwayo malungu, yenye kimo kilichofikia takribani mita tatu, ambayo hayakuhitaji mivukuto kwa kuwa hewa ilivutwa na urefu wake. Chuma ghafi kilichotoka humo kilitakaswa katika tanuri dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Mapunda, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alionyesha kwamba teknolojia ya chuma katika eneo hilo haikuwa moja. Matanuri yalikula makaa, na makaa ni miti. Ni rahisi basi kuhitimisha kwamba wafua chuma ndio walioifanya Ufipa kuwa nchi ya nyasi. Tahadhari inahitajika. Chavua zilizohifadhiwa katika matope ya Ziwa Rukwa, zilizochunguzwa na Vincens na wenzake (2005), zinasimulia miaka 23,000, na uoto ulibadilika pamoja na tabianchi muda mrefu kabla ya tanuri la kwanza kuwashwa. Pengine chuma kilichangia, pengine sana katika baadhi ya mahali. Lakini swali hilo halijibiwi na mwanaakiolojia bila mtaalamu wa chavua, wala na hao wawili bila mtu aelewaye majina ya miti ambayo wazee waliyataja kuwa ya makaa. Ijapokuwa ni kando ya hoja, ifahamike pia kwamba istilahi yetu ya "kuyeyusha chuma" si sahihi kwa malungu. Katika matanuri ya namna hiyo kilichoyeyuka ni taka. Chuma chenyewe hakikuyeyuka.

Katika bonde la Rukwa historia ni ya nzige wekundu. Wimbi la mwaka 1930 hadi 1944 lilienea sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Ikweta, na uchunguzi ulibaini kwamba mbuga za Rukwa ni mojawapo ya mazalia machache ambamo nzige hao huanzia. Mwaka 1949 iliundwa huduma ya kimataifa ya kuwadhibiti, yenye makao Abercorn, mji uitwao leo Mbala, nchini Zambia. Kwa miongo kadhaa silaha ilikuwa sumu za viwandani. Mwaka 2009, katika operesheni iliyoratibiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kiasi cha hekta 10,000 nchini Tanzania, zikiwamo za bonde la Rukwa, zilinyunyiziwa kuvu ya jamii ya Metarhizium, kiumbe hai anayeua nzige bila kudhuru viumbe wengine kama sumu zile zilivyofanya. Kwa Kiswahili, vyote viwili ni "dawa". Dawa huponya mtu, dawa huua mdudu, na sasa dawa ni kuvu inayoota ndani ya nzige. Kwa kuwa kuvu huchukua siku nyingi kuua, mtu aliyezoea sumu ya papo kwa papo anaweza kusema kwamba dawa haifanyi kazi, na kwa maana ya neno aliyonayo hajakosea. Mtaalamu wa wadudu anayeandika kwamba jamii "haina uelewa" angefaa kwanza ajiulize ni neno gani alilowapa.

Msitu wa Mbizi, ambao Davenport na wenzake (2007) waliuchunguza kwa ajili ya mbega wekundu wanaoishi humo, unaweza kuelezwa kwa namna hiyohiyo: kwa mwanazuolojia ni makazi ya wanyama, kwa mkazi wa mjini ni chanzo cha maji.

Hata istilahi kuu ya mjadala wote inahitaji kupimwa. Baada ya ripoti ya Tume ya Brundtland ya mwaka 1987, Kiswahili kilijipatia "maendeleo endelevu". Maneno yote mawili yanatokana na kitenzi kimoja, endelea. Kiunzi hicho, kikitazamwa kwa ukali, husema "mwendo wa mbele unaozidi kwenda mbele", na hakina ndani yake wazo la kusimama, la kurudi, wala la kupumzika. Intumba imejengwa juu ya kupumzika. Haidaiwi hapa kwamba istilahi hiyo ifutwe, kwa kuwa imekwisha kukubalika. Linalodaiwa ni kwamba wanaoitumia Ufipa wajue imeacha nini nje.

Kuna mfano wa kujifunza kutoka Umatengo, mkoani Ruvuma. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kyoto, kilifanya tangu miaka ya 1990 utafiti juu ya kilimo cha mashimo cha Wamatengo, na watafiti wa udongo, wa kilimo na wa jamii walikubali wote kukiita kwa jina lake, ngoro. Neno halikutafsiriwa likapotea. Liliingia katika maandishi yao kama istilahi, na kila taaluma ikalazimika kuulizia maana yake kwa wenyewe. Intumba haijapata bahati hiyo. Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi mwaka 2009, na Kifipa, kilichopewa namba M13 katika uainishaji wa Guthrie, kinajulikana mahali kinaposemwa. Ramani haiwezi kufanya zaidi ya hapo. Msamiati wa udongo, nyasi, miti ya makaa na hatua za intumba unahitaji kukusanywa na mwanaisimu akiwa shambani pamoja na mtaalamu wa udongo, msimu mzima, si siku mbili za kujaza orodha ya maneno ya msingi.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya sasa kina kampasi mkoani Rukwa, na si ajabu kwamba wanafunzi watakaotembea na madodoso Katandala na vijiji vinavyouzunguka mji watakuwa wengi kuliko zamani. Dodoso la kawaida litawataka waulize mkulima ana ekari ngapi zinazotumika na ngapi zisizotumika. Lipo swali jingine, refu kidogo, ambalo mtaalamu wa udongo, mwanasheria na mwanaisimu wote watatu wangeweza kulitumia jibu lake: shamba hili lililimwa mara ya mwisho mwaka gani, nyasi zake ni za nani, na litalimwa tena lini?