Kabla hujakodi gari la kwenda Fourteen Falls

Unajua vile huwa. Jumatano mtu anarusha wazo kwenye grupu la WhatsApp: "Wasee, Jumamosi twende Fourteen Falls." Kufikia Alhamisi mko kumi na wawili. Ijumaa jioni mmepata magari matatu, mmechanga pesa za mafuta, na kuna mtu ametumwa dukani kuleta bunda mbili za maji ya chupa.

Mimi nimeenda hivyo mara mbili, kwa hivyo sikuhukumu. Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Kutoka Ruiru hadi Thika, ushike barabara ya Garissa mpaka kwenye maporomoko, halafu urudi, ni kama kilomita 90. Gari dogo linaloenda kilomita 10 kwa lita litachoma lita tisa, na kila lita ya petroli hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya kaboni. Hiyo ni zaidi ya kilo 20 kwa gari moja, na zaidi ya 60 kwa yote matatu. Matatu moja ya abiria 14 ingewabeba nyote na kutoa chini ya nusu ya moshi huo. Na mngekaa pamoja, mkicheka mzaha mmoja, badala ya kupigiana simu kuulizana "mko wapi?"

Tukisikia habari za utalii unaojali mazingira, wengi wetu tunafikiria kambi za bei ghali kule Maasai Mara. Wewe wa Ruiru, utalii huo unaanzia steji. Panda matatu ya Thika, ukifika mjini badilisha upande ya Kilimambogo, kisha malizia kwa bodaboda au kwa miguu. Ni safari ya kawaida tu ambayo akina mama wa sokoni huifanya kila siku bila kuiita jina lolote.

Kuhusu Thika Road yenyewe, sina mengi. Ilifunguliwa rasmi 2012 tukaambiwa foleni imeisha. Baadaye ikapakwa rangi nyekundu ya njia ya mabasi ya mwendo kasi, na rangi hiyo ndiyo tuliyobaki nayo kwa muda mrefu. Wanaopenda reli nao wanajua kwamba njia ya treni ilifika Thika mwaka wa 1913, kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa.

Kuna jambo moja ambalo vijana wengi wa Thika hawajui, ilhali linafanyika kwao. Mabasi ya umeme ya BasiGo huunganishwa pale pale Thika, kwenye kiwanda cha KVM ambacho kimekuwepo tangu miaka ya sabini. Na kwa kuwa karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, basi kama hilo si hadithi ya kuhamisha moshi kutoka barabarani hadi kwenye mtambo fulani. Likikupata steji, lipande. Halina ngurumo, utasikia hata umbea wa kiti cha nyuma.

Sasa tufike kwenye maji, maana hapa ndipo roho yangu inauma.

Mara ya kwanza kufika Fourteen Falls nilikuwa nimejiandaa kupiga picha. Nikakaribishwa na harufu. Chini ya maporomoko kulikuwa na povu jeupe, na kwenye mawe chupa za plastiki zilikuwa zimejipanga kama wageni waliotutangulia. Nikalaumu watalii. Baadaye nikaangalia ramani, nikanyamaza.

Maporomoko hayo yako kwenye Mto Athi. Athi hupokea Mto Nairobi na uchafu wake wote, na maji ya Ruiru pia huishia huko. Ile chupa ya soda uliyoirusha dirishani ukiwa kwenye matatu hapo Ruiru, mvua ikinyesha, inaingia kwenye mtaro, mtaro unaingia mtoni, na huenda mkakutana tena Jumamosi. Isipokwama, itapita Tsavo hadi baharini karibu na Malindi, ambako mto huo huitwa Sabaki. Ukiirusha Thika mjini ni safari nyingine kabisa: Chania huungana na Mto Thika, na maji yao huelekea bwawa la Masinga kwenye Mto Tana. Miji miwili jirani, na kila mmoja una mto wake wa kuupelekea taka.

Kwa hivyo beba chupa yako ya kujaza tena. Ukipanga kupanda na Ol Donyo Sabuk, mlima ulio hapo karibu, utailazimika hata hivyo: plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku katika mbuga za kitaifa tangu Juni 5, 2020. Panda kwa miguu badala ya gari, ila ulizia askari wa KWS wa kukusindikiza. Mlima huo hauitwi Kilimambogo bure, nyati wapo.

Mara ya mwisho tulienda tisa, kwa matatu. Tuliondoka na gunia moja la chupa tulizookota kando ya maji, tukiwa na nia ya kuziuza kwa wale wanaonunua plastiki kwa kilo kule Ruiru. Kwenye steji ya kurudi Thika, makanga akalitazama gunia, akatutazama sisi na matope yetu.

"Hii nayo inalipa?"

Tukamwambia ni takataka tu.

"Takataka iko na kiti?"

Tukalipa nauli ya watu kumi.